Maswali ya Wasomaji: Gesi ya Kambini Ndani ya Gari Lililoegeshwa Juani

Barua nyingi za mwezi huu zimezungumzia jambo moja, nalo ni namna ya kuhifadhi gesi ya kupikia safarini wakati wa joto. Tumechagua tano. Tumezifupisha, lakini hatukubadili maana yake.

Swali kutoka Moshi

*Ndugu mhariri, mimi ni dereva wa watalii. Wageni wanaoshuka Kilimanjaro hawaruhusiwi kupanda ndege na makopo ya gesi ya majiko yao madogo, hivyo huniachia yaliyobaki, mengine yakiwa nusu na mengine robo. Nimeyakusanya katika boksi nyuma ya kiti cha mwisho, na gari hushinda juani mjini nikisubiri safari nyingine. Kwenye makopo imeandikwa kwamba yasipate joto la zaidi ya nyuzi 50. Mwenzangu anasema Moshi haijawahi kufika nyuzi 50, na kwamba kopo lililobaki nusu halina nguvu ya kupasuka. Je, ni kweli?*

Jibu

Ndugu dereva, mwenzako amesema kweli katika jambo moja tu, kwamba hewa ya Moshi haifiki nyuzi 50. Onyo lililoandikwa kwenye kopo, hata hivyo, linahusu joto la kopo lenyewe, na kopo lililofungiwa garini halipati ile hewa unayoipata wewe ukiwa umekaa chini ya mti.

Watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka 2005 walipima gari lililoegeshwa juani katika siku ambazo joto la nje lilikuwa kati ya nyuzi 22 na 36. Waliona kwamba joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 hivi katika saa moja, na kwamba kama asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea ndani ya nusu saa ya kwanza. Kuacha vioo wazi kidogo hakukuleta tofauti ya maana. Ukichukua mchana wa Februari wenye nyuzi 32 hapo Moshi, ukaongeza hizo 22, utakuwa umeivuka 50 wakati wewe bado unakula chakula cha mchana. Mwaka 2018 watafiti wengine walichapisha matokeo ya kupima magari mjini Tempe, katika jimbo la Arizona, siku zenye joto kali la zaidi ya nyuzi 37. Baada ya saa moja juani, hewa ya ndani ilifika wastani wa nyuzi 47, viti nyuzi 51 na dashibodi nyuzi 69; katika magari yaliyokuwa kivulini hewa ilifika nyuzi 38 na dashibodi 48. Matokeo ya tafiti hizo mbili hayalingani kabisa, kwa kuwa magari yenyewe na namna ya kupima vilitofautiana, lakini yanakubaliana katika jambo linalokuhusu wewe: kitu kinachopigwa na jua moja kwa moja kupitia kioo hupata joto kuliko hata hewa ya moto inayokizunguka. Boksi lako liko nyuma ya kiti cha mwisho, yaani karibu na kioo cha nyuma, na kama halina kifuniko, makopo ya juu yanaota jua kama ile dashibodi ya Tempe.

Sasa tuje kwenye kopo lililobaki nusu. Gesi ya kambini imo ndani ya kopo ikiwa kimiminika, na juu ya kimiminika hicho kuna nafasi iliyojaa mvuke wake. Mgandamizo wa mvuke huo hutegemea joto na aina ya gesi. Wingi wa kimiminika kilichobaki hauuathiri. Maadamu ukilitikisa kopo unasikia kitu kikicheza ndani, mgandamizo wake ni ule ule wa kopo jipya lililo kando yake, ila kwa gesi ya mchanganyiko unaweza kupungua kidogo kwa sababu sehemu iliyo nyepesi hutangulia kuisha. Ni kweli kwamba kopo lililojaa pomoni lina hatari yake ya ziada, nitakayoieleza katika jibu la msomaji wa Nairobi, lakini kuyaona makopo nusu kuwa yamepoa nguvu ni kujidanganya.

Aina ya gesi nayo ina uzito katika kazi yako hasa. Butani ya kawaida, kwa nyuzi 20, ina mgandamizo wa kama mara mbili ya ule wa hewa inayotuzunguka. Kwa nyuzi 50 ni mara tano, na kwa nyuzi 70 ni mara nane. Propani huanza na mara nane kwa nyuzi 20 na kufika mara 17 kwa nyuzi 50. Butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri, kwa hiyo haifai katika usiku wa Kibo, na ndiyo maana wapanda mlima huchagua makopo yenye mchanganyiko wa isobutani na propani, ambayo hufanya kazi hata kwenye baridi kali. Mchanganyiko wenye propani asilimia 30 hivi hufika takriban mara kumi kwa nyuzi 50. Kwa maneno mengine, makopo unayoachiwa wewe yamechaguliwa kwa ajili ya baridi ya kileleni, na hayo ndiyo yenye nguvu zaidi yakishuka kwenye joto la bondeni.

Je, kopo litalipuka likifika nyuzi 51? Hapana. Kanuni za Umoja wa Mataifa za usafirishaji wa bidhaa hatari zinataka makopo haya yapimwe kiwandani, kwa kawaida kwa kuyatumbukiza katika maji ya moto, hadi mgandamizo wa ndani ufikie ule wa nyuzi 55, na yasivuje wala kubadilika umbo. Kwa makopo ambayo kimiminika hakizidi asilimia 95 ya ujazo wake kwa nyuzi 50, kipimo ni cha nyuzi 50. Kopo jipya lisilo na dosari lina akiba ya nguvu juu ya hapo. Lakini akiba hiyo ni ya kopo lililotoka kiwandani, na makopo yako yamepanda mlima na kushuka ndani ya mizigo ya wapagazi, yameangushwa juu ya mawe, yamepata kutu shingoni, na mengine yamefungwa na kufunguliwa kwenye jiko mara nyingi hata mpira mdogo wa valvu umechakaa.

Hapo ndipo penye hatari ninayoiogopa zaidi, nayo ni kuvuja. Watu hufikiria mlipuko wa kopo kwa sababu una kishindo, wakasahau kwamba kopo linaweza kutoa gesi taratibu mchana kutwa bila sauti. Tupige hesabu. Kopo la gramu 230, likivuja lote, hutoa kama lita 95 za gesi. Gari dogo lina hewa ya lita 3,000 hivi ndani yake. Gesi hiyo ikichanganyika sawasawa itakuwa kama asilimia 3 ya hewa, na butani hushika moto ikiwa kati ya asilimia 1.8 na 8.4. Kopo moja, basi, linatosha. Hata katika Land Cruiser yenye nafasi kubwa zaidi hesabu haibadiliki sana, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, propani mara moja na nusu na butani mara mbili, hivyo hutuama sakafuni, chini ya viti na kwenye shimo la tairi la akiba, na huko kiwango cha kuwaka hufikiwa mapema. Anayekuja jioni akabonyeza kitufe cha kufungulia milango au akawasha kiberiti kabla hajaketi, ndiye anayetoa cheche iliyokuwa ikikosekana.

Ushauri wangu ni kwamba gesi ishuke garini pamoja na watu. Unaweza kusafiri nayo, lakini gari likizimwa na kufungwa, gesi isibaki ndani. Tafuta sanduku la mbao au kreti ya plastiki yenye matundu, panga makopo yakiwa wima na vifuniko vyake vimefungwa, na kila siku unapofika uyapeleke kwenye stoo yenye hewa, nje ya nyumba ya kulala, mbali na jiko na mbali na jua. Kabla ya hapo yachambue. Kopo lenye kutu ya kina, lililobonyea, au ambalo kitako chake kilichokuwa kimeingia ndani kimetoka nje, halifai tena, kwa kuwa hicho kitako kilichogeuka ni alama ya wazi kwamba mgandamizo uliwahi kupita kiasi. Mabaki machache yamalizwe kwa kupikia mahali pa wazi, na makopo matupu kabisa yapelekwe kwa wanaokusanya vyuma, baada ya kuwaeleza yalikuwa na nini. Yasitupwe kwenye shimo la takataka zinazochomwa. Na kwa kuwa tunazungumza na dereva, viberiti vya gesi vinavyoachwa juu ya dashibodi ni gesi ile ile katika chombo dhaifu zaidi.

Swali kutoka Maskati

*Asalaam aleikum mhariri. Sisi huku Oman hupenda kupiga kambi jangwani wakati wa baridi, lakini mwaka huu familia imepanga kwenda ufukweni mwezi wa Mei. Gari lina kiyoyozi kizuri. Nimefikiria kuweka makopo ya gesi katika sanduku la barafu, au kuyafunga juu ya karia ili kama kuna kuvuja, gesi iende na upepo. Lipi ni bora? Tena, usiku si kuna ubaridi wa kutosha kuyaacha garini?*

Jibu

Waalaikumu salaam. Nianze na usiku, kwa kuwa pwani yenu ina sifa yake katika jambo hili. Mwezi Juni 2018, katika mji wa Qurayyat ulio kusini-mashariki mwa Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa muda wa saa 24 nzima, usiku na mchana. Mei si Juni, na si kila usiku huwa hivyo, lakini mpango unaotegemea ubaridi wa usiku katika ufukwe wa Bahari ya Oman ni mpango usio na mguu wa pili. Gari lililoanza alfajiri na joto la nyuzi 35 ndani halihitaji saa nyingi za jua kufika pabaya.

Karia naikataa kabisa. Wazo la upepo ni zuri wakati gari linakwenda, lakini jua la adhuhuri hupiga paa kwa wima, bati la paa hurudisha joto kutoka chini, na kopo lililoko hapo hupashwa pande zote mbili. Zaidi ya hayo, mitikisiko ya njia ya mawe huyasugua makopo dhidi ya chuma cha karia hadi rangi inatoka na kutu inaanza.

Sanduku la barafu lina faida na lina mtego. Faida yake ni kwamba kuta zake nene huchelewesha joto, na ukiweka ndani chupa mbili tatu za maji baridi pamoja na makopo, utapata saa kadhaa za usalama hata kama kiyoyozi kimezimwa. Mtego ni kwamba sanduku hilo huzuia gesi kama linavyozuia joto: kopo likivuja, gesi hukusanyika humo, na mtu wa kwanza kuinua kifuniko akitafuta soda, huku pengine sigara ikiwa mdomoni, hukutana nayo usoni. Ukilitumia, litenge kwa ajili ya gesi peke yake, usichanganye na chakula wala vinywaji, liandike kwa herufi kubwa, na ulifungulie nje ya gari. Usiyalaze makopo juu ya barafu tupu iliyoyeyuka, kwa sababu chumvi ya bahari na maji ya barafu hula bati haraka.

Wakati wa safari, mahali pazuri ni sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, ndani ya kreti yenye matundu, chini ya kitambaa cheupe, pale ambapo ubaridi wa kiyoyozi unafika. Epuka sehemu ya sakafu inayopita juu ya bomba la moshi, na utaijua kwa kuigusa kwa kiganja baada ya safari ndefu. Acha hewa ya nje iingie badala ya kuzungusha ile ile ya ndani saa zote, au fungua vioo kila baada ya muda. Mkisimama kula au kuswali, mmoja wenu ashuke na kreti.

Mkishafika, gesi ikae nje, kwenye kivuli cha kweli. Nasema cha kweli kwa sababu kivuli cha hema ni joto lililofunikwa, na kivuli cha gari cha saa mbili asubuhi huwa kimehama kufikia saa tano. Turubai jeupe lililotundikwa juu, likiachwa wazi pembeni ili upepo upite, ni bora kuliko vyote viwili. Taulo lenye maji juu ya kreti husaidia sana katika hewa kavu ya jangwani, lakini katika unyevu wa ufukweni maji hayakauki upesi, hivyo msilitegemee. Wasomaji wetu wanaopiga kambi Tsavo au Ruaha wanajua tatizo jingine: kitu kilichoachwa nje huchukuliwa na nyani au kutafunwa na fisi, wasiojali onyo lililoandikwa kwenye kopo. Kwao kreti iwe ya chuma, iwe na matundu na komeo, na ifungwe kwenye mti.

Swali kutoka Tanga

*Mhariri, kila likizo tunakwenda Pangani na watoto, na tunabeba mtungi wa kilo 6. Baba watoto huulaza kwenye buti na kuubana kwa mabegi ili usianguke, na jiko huliacha limefungwa juu yake. Nasikia mitungi hii ni imara kuliko makopo. Tuna sababu ya kuhofu?*

Jibu

Mama, mtungi ni imara kuliko kopo, ndiyo, na kwa sababu mbili. Chuma chake ni kinene, na hujazwa hadi takriban asilimia 80 au 85 tu ya ujazo wake ili kimiminika kipate nafasi ya kutanuka joto likipanda. Mingi pia ina kizibo cha usalama ambacho hufunguka chenyewe mgandamizo ukizidi na kutoa gesi kidogo kidogo ili mtungi usipasuke.

Lakini kizibo hicho kimewekwa kikitarajia mtungi uwe wima, ili kinachotoka kiwe mvuke. Mtungi ukilazwa, kimiminika hufunika valvu, na kinachotoka ni kimiminika ambacho kikifika hewani hugeuka gesi ya ujazo wa zaidi ya mara 200. Mwambie baba watoto ausimamishe, aufunge kwa mkanda au kamba dhidi ya mgongo wa kiti, aondoe jiko lililo juu yake, afunge valvu kwa mkono hadi mwisho, na arudishe kile kifuniko kidogo cha plastiki ambacho watu wengi hukitupa siku ya kwanza. Kioo kimoja kiwe wazi njiani. Kumbukeni pia kwamba kizibo kikifunguka ndani ya buti lililofungwa, gesi yote inabaki garini mwenu, kwa hiyo uimara wa mtungi hauwapi ruhusa ya kuuacha juani mkienda kuogelea.

Swali kutoka Nairobi

*Mhariri, makopo ya gesi yamepanda bei. Kuna kifaa kidogo cha shaba kinachouzwa mtandaoni ambacho hufungwa kati ya mtungi wa kilo 13 na kopo tupu, ukajaza mwenyewe. Nimekijaribu mara kadhaa na hakuna kilichotokea. Nikijaza nyumbani nikasafiri nayo hadi Magadi, kuna ubaya gani?*

Jibu

Ndugu, ubaya upo katika njia ya kwenda Magadi. Unapojaza, wewe uko katika ubaridi wa Nairobi, na kopo linakubali gesi bila kulalamika. Kisha unashuka katika Bonde la Ufa, ambako joto ni la namna nyingine kabisa, na huko ndiko kosa lililofanyika jikoni kwako hudhihirika.

Gesi ikiwa kimiminika hutanuka kwa joto mara kumi na zaidi kuliko maji. Kiwandani huachwa nafasi ya mvuke ndani ya kila kopo, na hupimwa kwa uzito. Anayejaza nyumbani hujua kopo limejaa pale linapokataa kupokea zaidi, yaani pale ile nafasi ilipokwisha. Kopo la namna hiyo likipashwa joto, kimiminika hutanuka hadi kugusa kila upande wa ndani, na kuanzia hapo mgandamizo hauongezeki tena kwa utaratibu niliomweleza msomaji wa Moshi. Hupanda ghafla kwa kila nyuzi moja, kwa sababu kimiminika hakibonyezeki, na bati ndilo linalolazimika kuachia. Makopo mengi ya kutupwa hayana kizibo cha usalama. Yapo yaliyotengenezwa yafungue matundu madogo kwenye ukingo mgandamizo ukizidi, lakini ukingo huo ukishabonyea kwa kujazwa mara kwa mara na kuangushwa, usitarajie kitu.

Kuna na jambo la pili ambalo wauzaji wa kile kifaa hawalitaji. Makopo marefu membamba yanayotumika kwenye majiko ya mkoba yana bati jembamba, kwa sababu yametengenezwa kwa ajili ya butani, gesi yenye mgandamizo mdogo. Gesi ya mitungi ya nyumbani kwa kawaida ni mchanganyiko wa butani na propani. Unachofanya, basi, ni kutia gesi yenye nguvu zaidi ndani ya chombo dhaifu zaidi, kukijaza kupita kiasi, halafu kukipeleka mahali pa joto ndani ya gari. Kwamba hakuna kilichotokea mpaka leo kunaonyesha tu kwamba mambo hayo yote hayajakutana siku moja.

Mkazi wa Nairobi hahitaji kuelezwa na mtu wa mbali madhara ya gesi isiyofuata taratibu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 mlipuko wa lori lililobeba gesi katika eneo la Mradi, Embakasi, uliua watu na kujeruhi mamia, na mamlaka ya nishati, EPRA, ilieleza kwamba maombi ya kibali cha kituo cha gesi mahali hapo yalikuwa yamekataliwa. Kopo lako ni dogo mno kulinganisha na lile lori, lakini wewe na abiria wako mtakuwa mmekaa nalo hatua moja. Kama gharama ndiyo inayokusumbua, nunua mtungi mdogo unaojazwa kihalali, wenye jiko juu yake, yaani ile meko ambayo kila duka mtaani kwenu inabadilisha. Kwa safari ya gari uzito si tatizo, na bei ya gesi kwa kilo huwa nafuu kuliko ya makopo.

Swali kutoka Dodoma

*Shikamoo mhariri. Tuliegesha gari sokoni tukiwa njiani kwenda kupiga kambi. Tuliporudi baada ya saa mbili na kufungua mlango, tulikuta harufu kali ya gesi. Mume wangu aliingia haraka akawasha gari ili afungue vioo vya umeme. Namshukuru Mungu hapakutokea kitu, lakini nilitaka kujua tulipaswa kufanya nini.*

Jibu

Marahaba. Mumeo alifanya kile ambacho wengi wetu tungekifanya, na kilikuwa kitendo cha hatari kuliko vyote siku hiyo. Swichi ya kuwashia gari, mota za vioo, feni ya kiyoyozi na kufuli za umeme, vyote hutoa cheche ndogo zisizoonekana, na cheche ndogo zinatosha.

Gesi yenyewe haina harufu. Hutiwa dawa yenye kunuka, ya jamii inayoitwa merkaptani, ili pua iitambue mapema kabla haijafikia kiwango cha kuwaka. Kwa hiyo harufu nyepesi ina maana bado kuna muda, na harufu kali ina maana muda umekwisha. Pua pia huzoea: aliyekaa dakika chache ndani ya harufu hiyo huanza kudhani imepungua, kumbe ni yeye aliyeacha kuisikia. Mwamini anayetoka nje kuja, wala si aliyekuwemo.

Harufu ikisikika kabla hujagusa mlango, yaani gesi inanuka ukiwa bado nje, usifungue. Ondoa watu, sogea upande upepo unakotoka, na upige simu kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo kwa Tanzania ni namba 114. Kenya ni 999 au 112, na Oman ni 9999. Piga ukiwa umeshafika mbali na gari. Kama umeipata harufu baada ya kufungua mlango, kama ninyi, usiingie ndani. Fungua milango mingine kwa mkono, kwa ufunguo wa kuzungusha na si kwa kitufe, kisha nenda zako. Buti linalofunguliwa kwa umeme liache kwanza. Sokoni kuna jambo moja zaidi la kutazama, nalo ni jiko la mkaa la mama lishe aliye jirani. Gesi hutiririka chini kama maji, huingia mitaroni na kusafiri nayo, hivyo mwombeni afunike moto wake au asogee, na muwazuie wavutao sigara.

Subirini kwa muda mrefu kuliko mnavyodhani inatosha, kwa kuwa gesi iliyolala chini ya zulia na kwenye shimo la tairi haiondoki kwa upepo wa juu juu. Ikiwa ardhi imeinama na mnaweza kulisukuma gari hadi mahali pa upepo bila kuliwasha, fanyeni hivyo. Harufu ikiisha kabisa, tena kwa pua ya mtu mwingine, ndipo chombo kitolewe. Kiwekwe wima mahali pa wazi, kipakwe povu la sabuni kwenye valvu na kwenye mishono, na mapovu yatakayotuna yataonyesha mahali gesi inapotokea. Usipime kwa kiberiti, hata kama kuna fundi anayesema ndivyo alivyofundishwa. Kopo linalovuja liachwe hapo nje hadi liishe lenyewe, mbali na watu na moto, na mtungi unaovuja urudishwe kwa muuzaji siku hiyo hiyo, ukiwa nyuma ya gari la wazi badala ya kurudi ndani ya buti lile lile.